Sarnago la Baba, Ochoa la Mama: Tunamkumbuka Visi, Winga wa Ribaluenga

Wasikilizaji wapendwa, ni saa sita na dakika tano mchana. Misa imekwisha, kengele za Santa Eulalia zimenyamaza, na najua wengi wenu mmekwishashika njia ya kwenda baa kwa Tirso kunywa vermuti. Tirso, ongeza sauti ya redio. Leo usinizime. Mimi ni Eladio Bermejo, na hapa ni Redio ya Mji wa Ribaluenga, chumba kile cha juu ya klabu ya wastaafu.

Kila Jumapili nawasimulia habari za mtu wetu aliyetutoka. Leo ni zamu ya mchezaji mpira. Jina lake ni Visitación Sarnago Ochoa. Nitalirudia mpaka mchoke, kwa sababu kisa chote cha leo kimo ndani ya jina hilo. Visitación Sarnago Ochoa. Sarnago la baba, Ochoa la mama. Alikuwa winga wa kushoto. Alicheza hapa nyumbani, akacheza Italia misimu saba, akarudi akacheza tena nyumbani. Amefariki tarehe kumi na nne Machi akiwa na miaka sabini na tatu. Na kwa miaka hamsini alikuwa mke wangu.

Katibu wa halmashauri alinishika mkono pale ngazini. "Eladio, hii ni redio ya umma. Usiseme kwa hasira." Nimemwambia nitajaribu. Najaribu.

Wasikilizaji wapendwa, tuanzie uwanjani. Baba yake Visi, marehemu Cosme Sarnago, ndiye aliyekuwa akitunza uwanja wetu wa mpira, ule wa kando ya mto Ebro. Yeye ndiye mwenye ufunguo, yeye ndiye mwenye ndoo ya chokaa. Kila Jumamosi alichora mistari, na Visi nyuma yake na mpira. Dada yake mkubwa, Fuencisla, yuko hai, anasikiliza. Ameniambia hivi:

"Baba anachora, Visi anafuta kwa miguu. Baba akigeuka hivi, mstari hakuna. 'We mtoto! Mstari wangu uko wapi?' Naye anajibu, 'Umeingia golini, baba!' Baba hakuweza kumpiga. Alikuwa anacheka mpaka chokaa inamwagika."

Basi huko ndiko alikojifunza. Mpira aliujua kabla ya kusoma. Na kusoma alijua vizuri kuliko mimi, maana mimi shule nimeiacha na miaka tisa.

Alipofika miaka kumi na minne akaingia kiwandani, kwenye makopo ya pilipili, pale pale nilipokuwa mimi. Sina haja ya kuwaambia kazi yenyewe, nusu yenu mmeifanya. Pilipili nyekundu zimechomwa, unamenya kwa mkono, na maji hayazigusi. Ukiosha, utamu wote umekwenda na maji, na msimamizi naye yuko juu yako. Septemba na Oktoba mikono ya Visi ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Saa ya chakula wanawake wanakaa, yeye anatoka uani kupiga mpira ukutani, na mpira wote una alama za vidole vyake.

"Visi!" walimpigia kelele kina mama. "Kwa miguu hiyo utakosa mume!"

"Mume nimeshampata," akasema. "Tatizo lake hajui kuotea ni nini."

Wote wakageuka wakaniangalia. Mimi nimebeba kreti. Wasikilizaji wapendwa, ndivyo nilivyochumbiwa.

Wamenyaji kumi na mmoja wakawa timu. Wakacheza na wasichana wa viwanda vya viatu, wakacheza na wauguzi wa Logroño, mji mzima ukienda uwanjani kucheka, na kipindi cha pili hakuna anayecheka. Hapo ndipo alipokuja mwalimu wa michezo, kijana wa miaka thelathini, suti ya michezo imepigwa pasi. Herminio Zaldívar. Don Herminio, kama tulivyomwita kwa heshima. Alikuwa anakusanya wasichana kutoka kila upande ili icheze timu moja ya nchi nzima. Wakubwa wa soka kule mji mkuu hawakutaka hata kusikia. Walisema mpira si kitu cha mwanamke. Don Herminio akasema atapambana nao. Tulimwamini. Semeni ukweli, nyote mlimwamini.

Mwaka 1972 wasichana wale wakacheza mechi yao ya kwanza. Visi alikuwa winga wa kushoto. Walipofungua mfuko wa jezi wakaona jezi ni tupu. Rangi ipo, nembo ya nchi haipo.

"Don Herminio, nembo iko wapi?" Visi akauliza.

"Kesho, binti. Tutaishona kesho."

"Mechi ni leo."

"Kesho, Visi. Usinichanganye."

Akacheza bila nembo, akatoa krosi mbili, zikawa mabao mawili. Nembo haikushonwa kesho yake, wala wiki ile, wala mwaka ule. Ile jezi iko nyumbani kwangu mpaka leo. Hapo kifuani ni kitambaa tu.

Tulioana vuli ya mwaka 1973. Masika yaliyofuata ikaja barua kutoka Italia, kutoka timu ya mji mdogo karibu na Piacenza. Mtu wao mmoja alikuwa jukwaani siku ya ile mechi. Walikuwa wanamtaka Visi. Kule wanawake walikuwa na ligi, waamuzi, na bafu la maji ya moto.

Ninyi vijana hamwezi kuamini, lakini wakati ule mwanamke aliyeolewa hapati pasipoti bila ruhusa ya mumewe. Ilikuwa lazima mimi nitie sahihi. Mimi, mbeba kreti, nimruhusu Visi Sarnago kupiga mpira! Watu waliniambia, "Eladio, umeoa juzi, unamtoa nje?" Mama yangu alikaa siku tatu haongei nami. Visi hakuniomba. Aliniwekea mezani fomu ya Waitaliano, yenye nafasi ya ruhusa ya mume, akaenda zamu. Nikaijaza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, polepole, ulimi nje kama mtoto, na chini nikatia sahihi. Kumbukeni hiyo fomu. Niliijaza mimi.

Don Herminio alimsindikiza stesheni. Alimbebea hata begi. Mwezi uliofuata ikaja barua: msichana yeyote anayeondoka kwenda kucheza nje hatavaa tena jezi ya timu ya nchi. Wakubwa walitaka hivyo, na yeye alikuwa ameanza kuutaka ukubwa. Chini ya barua sahihi ni ya nani? Ya aliyebeba begi.

Basi Italia, wasikilizaji wapendwa. Misimu saba, kuanzia 1974 mpaka 1980. Mabao mia moja na kumi na nane. Ubingwa mara mbili. Alikuwa anarudi nyumbani majira ya baridi tu, ligi yao ikisimama. Nakumbuka simu yake ya kwanza, mimi nimesimama ofisi ya simu, na mwendeshaji, Mungu amrehemu, anasikiliza kila neno.

"Eladio, huku wananiita kwa jina la mama."

"Kwa nini?"

"Kwenye orodha wameniandika Ochoa. Ochoa peke yake. Na hawawezi hata kulitamka. Uwanja mzima unapiga kelele, 'Okoa! Okoa!'"

"Waambie wewe ni Sarnago!"

"Waitaliano hawajui kusoma majina yetu. Waache. Mama atafurahi."

Sisi hapa kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba linatangulia, la mama linafuata, na mwanamke akiolewa habadili kitu. Hilo analijua hata aliyelala shuleni. Kule kwao mtu ana moja tu. Kwa hiyo tukacheka. Misimu saba tumecheka. Sarnago wa Ribaluenga alikuwa Ochoa wa Italia, na hatukuona ubaya wowote.

Nimeongea na kipa wa timu ile, Ornella Bassi. Ana miaka sabini na sita, na Kihispania chake amekitoa kwa Visi, kwa hiyo anatukana kama mmenyaji. Amesema: "Okoa alikuwa anapiga krosi mtu akiwa bado hajafika. Unakasirika, unasema huyu anampigia nani? Halafu mtu anafika. Na kila mwaka aliniletea makopo ya pilipili. Aliniambia, 'Ukiziosha kwa maji, mimi na wewe basi.' Sijawahi kuziosha."

Akarudi. Nchi ilikuwa imebadilika, wakubwa sasa wamekubali wanawake wacheze, na wanapiga picha nao. Visi akacheza Logroño misimu minne tena. Binti yetu Begoña alikuwa analala ndani ya kikapu cha mipira. Timu ya nchi sasa ilikuwa na nembo. Akamwuliza don Herminio kama ile barua bado ina nguvu. Don Herminio, ambaye sasa ana meza na katibu, akasema atalitazama. Lini? Mnajua lini.

Basi akaacha mpira, akarudi kwenye pilipili, na wala hakulalamika. Aliyelalamika ni mimi.

Sasa sikilizeni vizuri. Miaka miwili iliyopita wakubwa wa mji mkuu walitangaza Orodha ya Waanzilishi. Wanawake wote waliokwenda kucheza nje kwa sababu nyumbani walikataliwa wataandikwa majina yao ukutani na kupewa medali. Visi alikuwa na miaka sabini na moja. Sikuwahi kumwona akitaka kitu, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka gari, hakutaka pete. Hiki alikitaka. Alitaka jina lake liwe pale ukutani. Aliweka picha kwenye bahasha, vipande vya magazeti, barua ya Ornella.

Jibu likaja. Limeandikwa vizuri sana. Hakuna mchezaji wa jina la Sarnago aliyecheza Italia. Yupo mmoja anaitwa Ochoa, lakini huyo hawamjui ni nani. Picha hazina majina. Ornella ni mgeni, ushahidi wake hautoshi. Anahitajika kocha wa nyumbani aandike mstari mmoja na kutia sahihi kwamba Ochoa na Sarnago ni mtu yule yule. Mstari mmoja! Na kocha alikuwa nani? Don Herminio Zaldívar, mshauri wa heshima wa wakubwa hao hao.

Nilikuwepo alipompigia. Aliweka simu mezani ili nisikie.

"Visi! Mguu wa kushoto bado unaumiza watu?"

"Sasa unaniumiza mimi, don Herminio. Nina shida ya sahihi yako."

"Hiyo tu? Nitakuandikia kesho asubuhi, binti."

"Binti huyu ana miaka sabini na moja."

Akacheka. Wote wawili wakacheka. Mimi sikucheka.

Alipiga simu mara kumi na moja. Kesho. Wiki hii nina wageni, basi kesho. Kalamu ninayo mkononi, Visi, kesho. Nyumbani akaacha kumwita kwa jina lake, akawa anamwita Kesho. "Kesho amepiga?" "Bado." Na mwaka huo huo bwana Kesho akatoka gazetini na mvi zake, akasema yeye tangu mwanzo alisimama na wanawake, hakumfungia msichana hata mmoja. Sasa mnaelewa kwa nini mstari mmoja ulikuwa mzito. Akisema Sarnago ndiye Ochoa, mtu atauliza: na yule Sarnago uliyemfungia kwa sahihi yako ni nani?

Januari mwaka huu Visi akalazwa. Mapafu. Sitaki kuwasimulia hospitali. Nitawaambia jambo moja tu. Siku ya mwisho aliyoongea nilikuwa namlisha supu. Akasogeza kijiko.

"Kesho amepiga?"

Wasikilizaji wapendwa, nilisema ndiyo. Nilisema amepiga, ametia sahihi. Akasema, "Eladio, wewe hata kuotea unakujua kuliko kudanganya." Kisha akanywa supu yake.

Alifariki tarehe kumi na nne. Mlikuja wote kumzika, na mimi nawashukuru, kanisa lilijaa mpaka barabarani. Na mliona shada lile kubwa, limebebwa na watu wawili. Mawaridi meupe, na utepe wa zambarau wenye maandishi ya dhahabu. Nilisogea nikausoma. Mimi nasoma polepole, nikausoma mara mbili. Uliandikwa hivi: "Kwa Visitación Sarnago Ochoa, winga wangu, nyumbani na Italia. Kocha wako, Herminio Zaldívar."

Majina yote mawili. Kwa mpangilio wake. Na Italia ipo.

Alikuwepo mwenyewe, na fimbo yake na koti lake zuri. Nikamfuata kwenye lango la makaburi.

"Don Herminio, hilo jina umelikumbuka lini?"

Akaniwekea mkono begani. "Pole sana, Eladio. Leo si siku yake. Tutazungumza kesho."

Fuencisla alikuwepo, alisikia. Alinishika koti kwa nyuma. Angeniachia, leo kipindi hiki kingesomwa na mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye sehemu isiyonipendeza. Nimewasema wakubwa miaka yote kwenye kipaza sauti hiki, na sijuti. Lakini siku ya pili baada ya mazishi binti yangu Begoña alinikalisha jikoni. Akatoa karatasi ndani ya droo ya vitambaa.

"Baba, mama alisema usiione hii. Lakini mimi siwezi kukaa nayo."

Ilikuwa ile fomu. Fomu ya mwaka 1974. Visi aliwaandikia Waitaliano wakamtumia nakala. Ina mstari wa kwanza wa jina na mstari wa pili wa ukoo. Mimi sikujua mistari ile inauliza nini. Nilianza kuandika jina la mke wangu, Visitación Sarnago, mstari ukajaa. Basi kilichobaki nikakiandika mstari wa pili. Ochoa.

Waitaliano walisoma kilichoandikwa. Walisoma sawasawa.

"Alijua tangu lini?" nikamwuliza Begoña.

"Tangu siku ya kwanza aliyofika kule. Walimwonyesha. Aliniambia, 'Baba yako alitia sahihi wakati wanaume wote wa mji huu wangekataa. Nimlalamikie mwandiko?'"

Miaka hamsini aliwasingizia Waitaliano, ili kunilinda. Na nakala ya fomu hiyo, yenye mwandiko wangu na majina yake yote matatu, alikwishampelekea don Herminio peke yake, nisije nikaaibika mbele ya wakubwa, pamoja na maelezo kamili. Don Herminio alikuwa nayo mezani. Kosa lilikuwa langu, sawa, nalibeba. Lakini kosa langu lilikuwa la mtu asiyejua. Yeye alijua.

Nikaenda makaburini na mkasi. Nikaukata ule utepe. Nikauweka ndani ya bahasha, na fomu, na karatasi niliyoiandika mwenyewe: "Mimi Eladio Bermejo, mume, shule kidogo, ndiye niliyekosea mistari. Sarnago ndiye Ochoa. Msiponiamini mimi, someni utepe." Kisha nikapita kwa Severino, mchonga mawe, akanipa fomu ya jiwe la kaburi. Nikaandika kwa herufi kubwa. Nikamwambia anisomee kwa sauti.

"Majina yote haya hayataenea, Eladio. Tuache la mama?"

"Nitafutie jiwe pana zaidi."

Alhamisi jibu limekuja kutoka mji mkuu. Utepe wameukubali. Visitación Sarnago Ochoa ameingia kwenye Orodha ya Waanzilishi. Sarnago la baba, Ochoa la mama. Ameandikwa ukutani, na hakuna wa kumfuta. Nilikwenda kumsomea kule kaburini, nikasoma mpaka jina la karani.

Na chini ya barua kuna mstari wa mwisho. Medali italetwa hapa uwanjani kwetu, Jumamosi saa saba mchana, mbele ya halmashauri na bendi. Ataikabidhi kwa familia kwa mkono wake kocha aliyemgundua, don Herminio Zaldívar.

Wasikilizaji wapendwa, natoa pole kwa Fuencisla, dada yake. Natoa pole kwa Ornella na wenzake wote wa Italia wanaomlilia Okoa. Natoa pole kwa wamenyaji waliobaki, sita kati ya kumi na mmoja. Natoa pole kwa binti yangu Begoña. Na ninyi mlionipa mimi pole, nimezipokea, hata pale nilipowajibu vibaya.

Leo mkifika nyumbani, tazameni makaratasi yenu. Tazameni jina la mama limeandikwa wapi. Na kama kuna mwanamke mzee mezani, mwulizeni alikuwa anacheza nafasi gani kabla hamjamzoea na sufuria.

Halafu Jumamosi njooni wote. Katibu, usinikonyeze hapo kwenye kioo, namaliza. Njooni na nguo za kanisani. Msizomee, msitupe kitu, Visi hakupenda fujo. Bendi ipige. Begoña nami tutakuwa mstari wa mbele, mikono mfukoni. Medali ataiacha mezani, tutaichukua akishaondoka. Na don Herminio akisogea kwenye kipaza sauti, akafungua karatasi yake, akaanza kusema "Leo hii," mji mzima, kwa upole, kwa heshima, kama alivyotufundisha mwenyewe, tumjibu:

"Kesho, don Herminio. Kesho."